Dawa gani ya minyoo inamaliza kabisa? Nina haraka, nisaidieni

Kijana wa Mtongwe
Asalaam aleikum. Nahisi nina minyoo. Tumbo la chini linanisumbua, mwili hauna nguvu, nakula lakini sioni chakula kinapokwenda. Nilinunua albendazole duka la dawa, kile kidonge kimoja cha miligramu 400, sikuona tofauti. Je, nimeze viwili? Au iko dawa kali zaidi? Nataka mwili uwe safi kabla ya mwezi kwisha. Tafadhali msinitukane, nina mawazo tele.

Bi Tatu
Pole mwanangu. Sisi tulilelewa na mbegu za papai. Unazianika, unazitwanga, unachanganya na asali, unakula kabla hujatia kitu tumboni. Mamangu Mungu amrehemu alinipa nilipokuwa msichana, nikatoa chango mrefu kama kalamu. Na viazi karai vya barabarani uviache.

Mzee wa Kongowea
Mimi nasema ni mishkaki. Nilipata tegu mimi. Vipande bapa vyeupe, vinajitembeza vyenyewe kwenye nguo ya ndani, mpaka mke akahamia chumba cha watoto. Ni nyama ya ng'ombe isiyoiva katikati. Tangu siku hiyo mishkaki naichoma mwenyewe. Kijana, umeviona vipande?

Kijana wa Mtongwe
Hapana mzee wangu, chooni sijaona kitu.

Swafiya wa Maabara
Kaka, usiongeze kidonge kwa kubahatisha. Minyoo haifanani. Safura huingia kwa ngozi ya mguu na kunyonya damu matumboni, ndiyo humfanya mtu achoke hivyo. Chango humezwa mayai yake kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa. Tegu ni kama alivyosema mzee. Choo kipimwe kwanza. Nina maswali mawili: kwa nini kabla ya mwezi kwisha? Na mkojo wako ukoje?

Kijana wa Mtongwe
Mkojo uko sawa. Haraka ni kwamba nimepata kazi ya udereva Qatar. Ajenti ameshalipwa, mama ameuza mbuzi wake wote. Imebaki medikali tu, na wanapima damu, choo, mkojo na kifua. Nikianguka hapo, pesa ndiyo imekwenda.

Kisauni Kwetu
Qatar! Ukifika usitusahau, tutumie japo tende.

Mwalimu Hamisi
Vijana wa Pwani mmekuwa watu wa kukimbilia Uarabuni, lakini kunawa mikono kwa sabuni kunawashinda. Mimi darasani napiga kelele kila siku, watoto wanatoka chooni wanakwenda moja kwa moja kwenye maembe. Serikali inagawa vidonge shuleni, mtoto anameza leo, kesho yuko pekupeku kwenye matope yale yale.

Swafiya wa Maabara
Mwalimu, uko sahihi, lakini huyu hajanijibu. Kaka, "uko sawa" ni vipi? Ukimaliza kukojoa, matone ya mwisho yana rangi gani?

Kijana wa Mtongwe
Basi niseme. Mwisho hutoka damu kidogo. Si kila siku. Ilianza mwaka jana, nikadhani ni joto na kukosa maji. Nilinyamaza kwa sababu ukitaja damu ya mkojo kila mtu anawaza umalaya, na mimi nina mchumba. Lakini hilo tumeshalipanga. Ndugu yangu atanipa mkojo wake kwenye kichupa, niingie nao. Wako waliofanya hivyo wakapita. Nilichokuja kuuliza ni tumbo tu.

Bi Tatu
Subhanallah. Mkojo wa mtu mfukoni?

Swafiya wa Maabara
Hiyo yaweza kuwa kichocho. Nacho ni minyoo, ila inakaa kwenye mishipa ya damu kandokando ya kibofu, mayai yake ndiyo yanakukwaruza mpaka damu itoke. Albendazole haikitibu, hata ungemeza pakiti nzima.

Pwani Halisi
Hebu tulieni jamani. Huyu anasema yuko Mtongwe, kazungukwa na maji ya chumvi. Kichocho hakishikwi baharini, kinataka maji baridi yenye konokono wake. Kisha mara Qatar, mara mchumba, mara kichupa. Hadithi imetungwa hii. Ngojeni, atakuja "mganga" hapa na namba ya simu.

Kisauni Kwetu
Hata mimi nilianza kushuku alipouza mbuzi.

Kijana wa Mtongwe
Wallahi siuzi kitu! Mimi ni utingo wa lori la mchanga. Tunateremka mtoni upande wa Ramisi, tunapakia tukiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, tunaosha gari, tunaoga, ndipo tunarudi. Sikusema kwa sababu sikujua kama yanahusiana.

Pwani Halisi
Ramisi? Basi nimekuelewa, ndugu yangu. Mimi nimezaliwa Msambweni. Tulipokuwa wadogo wavulana tulikojoa damu tukafikiri ndiyo kubaleghe, mwenye kuchelewa alionewa huruma. Tulitibiwa tukiwa wakubwa.

Swafiya wa Maabara
Nenda hospitali ukapimwe mkojo, na uupeleke kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Wakiyaona watakupa praziquantel kwa uzito wako, miligramu 40 kwa kila kilo. Mwenye kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600. Kula kwanza, na siku hiyo usiendeshe gari, inaweza kukupa kizunguzungu. Mayai huweza kuendelea kutoka kwa wiki kadhaa baada ya dawa, kwa hiyo mwombe ajenti asogeze tarehe. Ukikiacha miaka mingi, kichocho huharibu kibofu na hata kuleta saratani yake. Hilo kichupa cha ndugu hakiliondoi.

Kijana wa Mtongwe
Kusogeza tarehe si rahisi hivyo, dada. Ajenti ni mkali. Ndugu yangu ni mzima kabisa, hajawahi kukojoa damu.

Swafiya wa Maabara
Ndugu yako anafanya kazi wapi?

Kijana wa Mtongwe
Lori hilo hilo.

Swafiya wa Maabara
Basi mkojo wake waweza kuwa na mayai pia. Wengi wanayo na damu haionekani kwa macho.

Mzee wa Kongowea
Allah! Ungepeleka kichocho cha mwenzio ukiacha chako nyumbani.

Kijana wa Mtongwe
Nimemsomea haya yote. Alikasirika kwanza, sasa amenyamaza. Kesho saa tano tunakwenda wote wawili. Ajenti nitampigia tukishapata majibu, kabla ya hapo siwezi.

Swafiya wa Maabara
Vizuri. Na dereva wenu naye anaoga wapi?