Eti "mlemavu gani anachomekea?"

Wakuu, naandika nikiwa bado nje ya geti lao, damu inachemka. Ofisi mnaijua, siitaji. Ile ambayo kukata mshahara wako hawakosei hata senti, ikifika zamu ya kulipa mtandao uko chini.

Mgongo wangu uliishia kazini, natembelea magongo. Mafao ya ulemavu wamenikatalia kwa barua ya mistari miwili: bodi ya madaktari haijaridhika kwamba nimepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato. Haya, nikapeleka rufaa. Mke wangu kanipigia shati pasi, kanichomekea yeye mwenyewe maana mimi kujipinda siwezi. Nafika dirishani, yule mama wa miwani ya kamba ananikagua kuanzia kola mpaka mkanda, halafu kwa sauti ya mnadani: "Mlemavu gani anachomekea?"

Benchi zima likacheka. Mlinzi kacheka. Kuna mzee ana rufaa yake ya jicho, naye kacheka!

Eksirei hakuiangalia, ripoti ya hospitali hakuifungua, kilichopimwa ni mkanda. Anachomekea! Kumbe theluthi mbili inahesabiwa kiunoni. Na ningekuja na bukta wangesema sina adabu kwenye ofisi ya umma.

Wenye uzoefu, wakinikatalia tena naenda wapi? Au nirudi uchi?

Fundi Chuma: Pole mkuu. Ila weka picha ya hilo shati kwanza, tusisikilize upande mmoja.

Mama Kisamvu: Miwani ya kamba! Huyo namjua. Mimi aliniambia "mbona ulemavu wako unanenepa".

Kijiti: Umejiponza mwenyewe. Shemeji yangu alienda na kandambili za rangi mbili, akapita fasta.

Mleta mada: Naongelea mgongo, nyie kandambili? ANACHOMEKEA, wakuu!

Ticha Mstaafu: Una nafuu wewe. Sisi kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, kimetumaliza. 2018 walitaka kutupa mkupuo wa 25% ya mafao, kelele zikawa nyingi wakarudi nyuma. 2022 wakaja na 33, sasa 40 eti tupige makofi.

Bajaji ya Kona: Heri yenu mna mafao ya kugombania. Kikundi chetu cha walemavu kinafukuzia mkopo wa halmashauri. Akina mama wametengewa 4% ya mapato ya halmashauri, vijana 4%, sisi 2%, na hiyo mbili ukiifuata unaambiwa andiko la mradi lina makosa.

Kijiti: Andiko mnaandikiwa na nani? Kuna jamaa huku kwetu anaandika kwa elfu thelathini, halirudi.

Fundi Chuma: Ticha, hiyo 40 ni ya wote?

Ticha Mstaafu: Waliokuwa wanapata 50 zamani. Nyie wa 25 mmepewa 35.

Fundi Chuma: Kwa hiyo tunaibiwa kwa madaraja?

Bajaji ya Kona: Kijiti, huyo wa elfu thelathini anapunguza? Nirushie namba PM.