Mjadala: Downsizing (2017) iliangushwa na skripti au na trela?

Jicho la Pazia
Wadau, hili tulimalize leo. Alexander Payne na Jim Taylor walikwisha kuchukua Oscar ya skripti wakiwa pamoja. Wakapewa bajeti ya dola milioni 68, Matt Damon akawekwa mbele, filamu ikafungua tamasha la Venice. Mapato ya dunia nzima yakakwama kwenye milioni 55 hivi. Na wazo lilikuwa tamu: wanasayansi wa Norway wanawapunguza watu hadi inchi sita ili dunia ipumue, Wamarekani wanaligeuza njia ya mkato ya utajiri.

Nasema kosa ni la skripti. Kilele cha kicheko ni kliniki: watu wananyolewa mpaka nyusi, vijazo vya meno vinatolewa ili kichwa kisipasuke, halafu wauguzi wanawazoa mmoja mmoja kwa mwiko bapa. Unacheka kwa kuwa mkono wa muuguzi na kile kiwiliwili vimo katika fremu moja. Paul, yaani Damon, akishahamia Leisureland, mji wa waliopunguzwa, nyumba, kiti na kikombe vyote ni vya kimo chake. Hakuna tena cha kumlinganisha naye, isipokuwa mara mojamoja. Kuanzia hapo ni mtu wa kawaida aliyeachwa na mkewe.

Kipimo
Inchi tano, mkuu. Sentimita 12.7. Chukua mtu wa sentimita 178, umemgawanya kwa 14. Urefu unagawanywa kwa 14, eneo la ngozi kwa 196, uzito kwa 2,744. Mwanamume wa kilo 80 anabaki gramu 29, sawasawa na panya mdogo wa nyumbani. Ukikosea inchi moja hapo, hesabu zote zinazofuata ni bure.

Nusu Tiketi
Jicho, unamlaumu mwandishi wakati studio ndiyo iliyouza kitu kisichokuwepo. Trela ilijaa kliniki na mwiko. Filamu ikatolewa Marekani Desemba 22, wiki moja baada ya Star Wars mpya. Mtu kaja kucheka na familia, anaambiwa methani inamaliza binadamu. Tena katikati wakamleta Ngoc Lan na ile lafudhi, ukumbi ukapoa.

Mama Fremu
"Ile lafudhi" ndiyo nini? Hong Chau, anayemcheza Ngoc Lan, ndiye aliyeibeba filamu, na uteuzi wa Golden Globe akaupata yeye, si Damon. Anacheza mwanaharakati wa Vietnam aliyepunguzwa kwa nguvu akiwa kifungoni, akaingia Marekani ndani ya boksi la televisheni, akapoteza mguu. Paul anababaika, yeye anamkata katikati ya sentensi. Hiyo ni taimingi ya vichekesho, na haifundishwi kwa siku mbili.

Nusu Tiketi
Mwigizaji sikumgusa. Nimesema waandishi walimpa sentensi zilizovunjika ili watu wacheke matamshi badala ya hoja. Usinigeuzie maneno.

Mama Fremu
"Ukumbi ukapoa." Umeandika wewe, bado lipo hapo juu.

Fundi Lenzi
Jamani, turudi kwenye picha. Jicho yuko karibu na ukweli, ila ugonjwa si skripti peke yake. Kuna kanuni ya zamani ya kupiga modeli ndogo: ukitaka modeli ya moja kwa 14 ionekane kubwa, unazidisha kasi ya fremu kwa kipeuo cha pili cha 14, yaani 3.7. Badala ya fremu 24 kwa sekunde unapiga 90 hivi, maji yanapata uzito. Sasa igeuze: ukitaka mtu wa kawaida aonekane mdogo, maji na vitambaa vinavyomzunguka lazima viende mbio. Leisureland imepigwa kama mtaa wowote. Maji yanamiminika kama yetu, pazia linapepea kama letu. Macho ya mtazamaji hayahitaji shahada kuligundua hilo.

Kipimo
Hapo ndipo walipotupa vichekesho vya bure! Kikombe kikianguka kutoka meza yetu ya sentimita 75 kinachukua sekunde 0.39. Meza yao ina sentimita 5.4, kikombe kinafika chini kwa sekunde 0.10. Hata mtu mwepesi huhitaji sekunde 0.2 ili mkono uanze kwenda. Kwa hiyo hakuna anayedaka kitu Leisureland, kamwe. Lakini mtu mwenyewe akianguka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, hizo ni kama sentimita 64 tu. Anainuka, anajipangusa, anaendelea na simu.

Jicho la Pazia
Ndicho ninachosema! Hayo ni maandishi, Fundi. Kamera haiwezi kupiga tukio ambalo halikuandikwa.

Nusu Tiketi
Na sauti je? Nyuzi za sauti zikifupishwa mara 14, mwanamume wa Hz 120, yaani mitetemo 120 kwa sekunde, anazungumza kwa Hz 1,680. Nani angekaa dakika 135 akisikiliza filimbi? Hii ni tashtiti ya tabaka, si somo la fizikia. Jengo la maskini nyuma ya ukuta wa Leisureland ndilo filamu yenyewe.

Kipimo
Tashtiti ingekuwa kali zaidi kwa fizikia. Wanaahidiwa kwamba dola 150,000 zinakuwa zaidi ya milioni 12. Lakini mwili mdogo unapoteza joto haraka, kwa hiyo chakula hakipungui mara 2,744. Kwa kanuni ya Kleiber, inayohusisha uzito wa mnyama na nishati anayotumia, kinapungua mara 380 hivi. Kila gramu ya mwili inadai mlo mara 7 ya zamani. Mji wa matajiri wasiomaliza saa chache bila kula! Na wao wakauza hesabu ya mfuko wa taka, ule wanaouonyesha kwenye filamu kuthibitisha jinsi wadogo wanavyotupa kidogo.

Mama Fremu
Ule mfuko ni wa taka zisizooza. Chakula hakimo. Tazama tena kabla ya kupiga hesabu.

Kipimo
Mfuko nakuachia. Njaa inabaki palepale.

Fundi Lenzi
Chukua ile pati ya Dusan, jirani anayechezwa na Christoph Waltz. Mdomo wa chupa ya divai una milimita 18 hivi. Ukigawanya kwa 14 unabaki 1.3. Pinda chupa hiyo, divai haitoki: mvutano wa uso wa kimiminika unaishika. Wageni wote wamevaa vizuri, wanatikisa chupa. Ikitoka inatoka tone, na tone la milimita 4 kwao ni donge la sentimita 5.6, linakaa juu ya glasi bila kuingia. Seti ileile, gharama ileile, na hapo huhitaji mkono wa muuguzi ndani ya fremu.

Nusu Tiketi
Sawa, ila Mama Fremu bado hajanijibu: zile sentensi zilizovunjika aliandika nani, Hong Chau au Payne?