Mdogo wangu yuko probesheni Iowa, kashtakiwa upya Illinois: ashike njia ipi?

Baba Imani: Ndugu zangu mlioko Marekani, naombeni msaada. Mdogo wangu anaishi Davenport, Iowa, ana grini kadi. Mwaka jana alikiri wizi wa dukani, hukumu ikaahirishwa, akawekwa probesheni, yaani uangalizi wa mahakama badala ya jela. Juzi kavuka daraja la Mississippi kwenda Moline, upande wa Illinois, akakamatwa kwa kosa lilelile. Wamemwachia, kapewa tarehe. Akikiri, anatozwa faini na kesi inaisha. Njia ni tatu: akiri upesi, apambane Illinois kwanza, au aende Iowa akamweleze afisa wake wa probesheni. Ipi ina unafuu?

Mama Neema: Asimfiche afisa! Kijana wangu alinyamaza, afisa akakuta jina lake kwenye kompyuta. Kesi moja ikazaa makosa mawili.

Kasongo: Dada, kweli kabisa, ila kuripoti si kusimulia. Aseme kakamatwa lini, wapi, na wakili wake ni nani. Basi. Mwaka 1984, katika kesi ya Minnesota dhidi ya Murphy, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu maneno ambayo mtu alimwambia afisa wake wa probesheni yatumike kumshtaki, ingawa hakuwa ameonywa kwamba anaweza kunyamaza.

Mkalimani: Baba Imani, mimi natafsiri mahakamani, na hiyo njia ya kwanza ndiyo inayonitia hofu. Nimesimama pembeni ya watu wetu wakiitikia "ndiyo, ndiyo" kwa hakimu ili wawahi zamu ya usiku kiwandani. Kwa uhamiaji, ukikiri na ukapewa adhabu yoyote, hata probesheni, umetiwa hatiani. Kuahirishwa kwa hukumu ya Iowa hakumkingi. Wizi kwa kawaida huhesabiwa kosa la uovu wa tabia, ndivyo sheria ya uhamiaji inavyoliita. Mawili ya namna hiyo, katika matukio tofauti, yanatosha kumfukuzisha nchini mwenye grini kadi, hata kama la pili ni faini tupu. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Padilla, mwaka 2010, wakili wa jinai analazimika kumweleza mteja hatari hiyo. Amuulize kabla hajafungua mdomo.

Baba Imani: Kwa hiyo akishinda Illinois, Iowa nayo inafutika?

Kasongo: Hapana, kaka. Illinois lazima wathibitishe pasipo shaka ya maana. Iowa kwenye probesheni inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alitenda. Anaweza kushinda huku akaadhibiwa kule, na hawalazimiki kungoja. Ndiyo maana mawakili wa pande zote mbili wazungumze, waombe Iowa isogeze tarehe, na wajadiliane na mwendesha mashtaka shtaka libadilishwe liwe kosa jingine lisilo wizi.

Mama Neema: Na Iowa wakitoa waranti, yaani hati ya kumkamata?

Kasongo: Anaweza kushikwa Illinois. Akikataa kurudishwa, sheria inaruhusu azuiliwe siku 30, na zinaweza kuongezwa 60. Mara nyingi kupinga ni kupoteza muda tu, na wengine walishasaini kukubali kurudishwa siku walipopewa probesheni. Akiwa ndani, asiongelee kesi kwenye simu ya jela, zinarekodiwa.

Baba Imani: Nimefungua bahasha ya probesheni ya dogo sasa hivi. Ukurasa wa pili umeandikwa akikamatwa aripoti kwa afisa ndani ya saa 48, na zimebaki 19. Nampigia wakili wa Iowa kwanza, kisha dogo atampigia afisa nikiwa nimekaa naye. Ile karatasi ya kukiri ya Moline haisaini.