gltA yasema hivi, rpoB yasema vile: je, ni Bartonella mbili ndani ya panya mmoja?

Darubini:
Habari za kazi, wakuu. Nachunguza bakteria wa Bartonella katika damu ya panya wa porini walionaswa eneo moja. Kwa kipande cha gltA, mojawapo ya jeni zinazotumika kutofautisha spishi za Bartonella, panya wa spishi moja wamenipa makundi matatu ya bakteria yaliyo mbalimbali, jambo ambalo sikulistaajabia sana. Kilichonitatiza ni sampuli namba 17: kwa gltA imeangukia karibu na spishi ya Bartonella grahamii, lakini kwa jeni nyingine, rpoB, imehamia upande wa B. taylorii. Je, nimechanganya mirija, au kuna maelezo ya kibiolojia? Na ni lini mtu aweza kusema amepata spishi mpya?

Mzee wa Agari:
Ndugu Darubini, kabla hujajilaumu, rudi kwenye grafu ghafi za mfuatano, zile ambazo kila herufi ya DNA huonekana kama kilele. Ni kawaida kabisa kwa mgugunaji mmoja wa porini kubeba aina mbili au zaidi kwa pamoja, kwa kuwa bakteria hawa hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu kwa wiki kadhaa bila kumdhoofisha mnyama kwa namna inayoonekana, huku viroboto wakiendelea kumletea wengine. Ukisoma DNA iliyotolewa moja kwa moja kwenye damu, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili wa jeni) za gltA zaweza kupendelea aina moja na za rpoB nyingine. Dalili yake ni vilele viwili vilivyopandana mahali palipostahili kilele kimoja. Programu huchagua kilicho kirefu na kunyamaza. Dawa ni kuwaotesha bakteria kwenye agari ya damu (rojo iliyoganda ya kuoteshea), nyuzijoto 35, katika hewa yenye kabonidioksidi asilimia 5, tena kwa uvumilivu, maana makoloni huweza kuchukua wiki kadhaa kuonekana. Chagua koloni moja, ulioteshe upya, ndipo usome jeni zote mbili kutoka koloni hilo hilo. Wengi huiruka hatua hii, na miti yao ya nasaba huwa mizuri kuliko ukweli.

Kinasaba:
Naafikiana na Mzee, ila koloni safi likiendelea kutoa majibu yanayokinzana, usilitupe. Bartonella hubadilishana vipande vya DNA. Katika jenomu zao zimo jeni zenye asili ya virusi, zinazounda vifuko vya kubebea DNA ya bakteria mwenyewe hadi kwa jirani. Kwa hiyo ongeza jeni za ftsZ na groEL, na ITS, kipande cha DNA kilicho kati ya jeni. Jeni ya 16S inafanana mno baina ya spishi, haitakufaa zaidi ya kutambua jenasi.

Kuhusu spishi mpya, kigezo kinachotumika tangu 2003 ni ufanano ulio chini ya asilimia 96.0 kwenye kipande cha gltA chenye herufi 327 za DNA, na chini ya asilimia 95.4 kwenye kipande cha rpoB chenye herufi 825. Kwa maoni yangu hicho ni kizingiti cha kuanzia hoja tu, hasa pale jeni zenyewe zinapokuwa za kuazimana.

Darubini:
Shukrani, wakuu. Nimezifungua grafu za namba 17: kwenye gltA kuna vilele pacha katika nafasi kumi na moja, na programu haikunung'unika hata mara moja. Damu iliyobaki ilikuwa kwenye friza. Nimekwisha kuitandaza juu ya sahani tatu za agari.