Kuvuka Mlima Kenya peke yangu, Sirimon hadi Chogoria: nikiwa na mwongozaji, bado ni peke yangu?

Fundi_wa_Umoja

Hamjambo. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 38, kibanda changu kiko Umoja, Nairobi. Nawauliza waliowahi kuuvuka Mlima Kenya kuanzia lango la Sirimon mpaka upande wa Chogoria, hasa waliobeba mizigo yao wenyewe.

Baba yangu alikuwa mpagazi mlimani humo zaidi ya miaka ishirini. Nikiwa darasa la tano tulifundishwa jinsi Kisoi Munyao alivyopandisha bendera yetu Point Lenana, kilele ambacho wapandaji wengi hufikia, wakati wa uhuru, Desemba 1963. Nilikimbia nyumbani kumuuliza baba kama na yeye amewahi kusimama pale. Akasema hapana. Wageni wakiamshwa usiku wa manane kupanda kileleni, wapagazi wanakunja mahema, wanapitia kipito cha Simba Col na mizigo, wanawahi upande wa pili kuinjika chai. Lenana alikuwa akiiona kutoka chini tu. Alifariki mwaka jana, mwezi wa Juni.

Sasa nataka kufika pale yeye hakufika, nishukie Chogoria, na kila kitu nitakachokula na kulalia kiwe mgongoni mwangu. Sitaki mtu anibebee hata chupa ya maji. Hilo ndilo ninaloliita peke yangu.

Mazoezi nimeanza tangu Agosti. Mtaani kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, kwa hiyo mtungi wa lita 20 naujua vizuri, ni kilo 20 na huupandisha hadi ghorofa ya tano. Jioni naweka chupa za lita 12 kwenye begi, napanda na kushuka ngazi hizohizo mara nane. Jumapili mbili kila mwezi naenda vilima vya Ngong, natoka mjini na matatu ya 111, navipita vilele vyote mpaka Kona Baridi na kurudi. Begi nimeshona mwenyewe kwa turubai. Mikanda ya mabegani ni ile ya viti vya gari, nimeitoa Grogan kwa wauza vipuri, na haijawahi kukatika.

Shida ni kwamba nimeambiwa langoni hawamkubali mtu mmoja. Ni kweli? Na kama ni kweli, nikilipa mwongozaji si nitakuwa nimepelekwa tu kama wale wageni wa baba?

Mwongozaji_Nanyuki

Dada, pole kwa mzee. Naongoza watu kutokea upande huu wa Nanyuki mwaka wa 14 sasa, na huenda wazee waliotufundisha kazi walibeba pamoja naye.

Ni kweli. KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, hawaruhusu mtu aingie mlimani akiwa pekee. Ukifika langoni bila mwenzako au mwongozaji utarudishwa, hata kama umeshalipa kwenye eCitizen, mtandao wa serikali. Usitafute njia ya kupitia msituni kulikwepa lango. Msitu wa chini una nyati na tembo, na ukipotea hakuna kitabu chochote kilichoandikwa kwamba uko ndani.

Lakini tafadhali usimchukulie mwongozaji kama mtu wa kukupeleka. Mwambie kabla hamjaondoka, na mkubaliane kabisa: wewe unatangulia, unasoma ramani, unaamua mnapumzika wapi. Yeye atembee hatua mia moja nyuma, asiseme neno mpaka akuone unaelekea pabaya. Nimewahi kufanya hivyo na kijana mmoja na sikufungua mdomo siku mbili nzima. Siku ya tatu nilimwita mara moja. Tulikuwa tumeshaipita Lenana, tunashuka upande wa mashariki, ukungu ukatufunika akaanza kufuata ukingo wa ule mwamba wa Temple akidhani ni njia. Chini yake ni Ziwa Michaelson. Hiyo mara moja ndiyo iliyolipiwa.

Ukungu wenyewe huwa haukawii, ikifika saa nne au saa tano asubuhi mawingu yameshapanda. Ndiyo maana tunaondoka Shipton's, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa tisa usiku ili jua litukute juu.

Kuhusu mzigo: kupanda Lenana na begi zima usiku si jambo la mchezo. Kutoka Shipton's ni karibu mita 800 za kupanda, na changarawe inakurudisha nyuma nusu ya kila hatua. Inawezekana, ila ukizidi kilo 13 sitakushauri. Na begi la turubai bila mkanda wa kiunoni litakuua mabega. Shona mkanda mpana unaokaa juu ya nyonga, mzigo ukalie pale. Ndani tandika mfuko mkubwa wa nailoni, maana turubai ikinywa maji inaongezeka uzito.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi, na Lenana nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza nilishushwa kutoka Shipton's nikiwa nimeshikwa mikono huku na huku.

Dada fundi, miguu yako haina tatizo, hilo naliona. Ila ngazi za Umoja na vilima vya Ngong havikuandai kwa hewa ya kule. Kilele cha Ngong ni kama mita 2,460. Lango la Sirimon peke yake liko juu ya hapo. Utalala kambi ya Old Moses mita 3,300, na watu wengi kesho yake wanafululiza mpaka Shipton's, karibu mita 4,200. Ni mita 900 kwa siku moja, wakati ushauri wa kitabibu ukishapita mita 3,000 ni kutoongeza zaidi ya mita 500 kati ya usiku na usiku. Nilifanya haraka hiyohiyo kwa sababu nilikuwa na ruhusa ya siku nne tu kazini.

Nikueleze ilivyokuwa. Kichwa kiliuma tangu mchana, nikanywa panadoli. Jioni nikatapika. Usiku nikatoka kwenda chooni, na wenzangu wanasema nilikuwa nayumba kama mlevi, nikawaambia niko sawa kabisa. Nilikuwa naamini hivyo! Mimi niliyesomea haya mambo. Ubongo ukishakosa oksijeni ndio huohuo unaouliza kama ni mgonjwa, nao unakujibu kwamba hauna neno. Hii ndiyo sababu ya ile sheria ya langoni, naiunga mkono kwa moyo wote. Kule unahitaji jicho la mtu mwingine.

Mwambie mwongozaji kila jioni akutembeze kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Ukishindwa, mnashuka usiku uleule, hamngoji asubuhi. Hali kadhalika ukihema sana hali umekaa, au ukikohoa makohozi yenye povu. Kuna dawa ya Diamox inayosaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari kwanza, haswa kama una mzio wa dawa za salfa. Na haiwi badala ya kushuka.

Tumia siku tano, sita zikiwezekana. Lala Old Moses, kisha kambi ya Liki North, halafu Shipton's usiku mbili. Ile siku ya kukaa Shipton's usione umeipoteza.

Mkaazi_wa_Rongai

Neno moja tu. Niliteguka kifundo cha mguu nikizunguka Longonot peke yangu, upande wa mbali wa ukingo wa shimo, saa tisa alasiri. Simu ilikuwa imezima. Nilitambaa na kuchechemea mpaka langoni, nikafika gizani. Hakuna mtu aliyekuwa ananitafuta kwa sababu sikumwambia mtu yeyote nimeenda wapi.

Acha karatasi nyumbani: njia, mahali utakapolala kila usiku, siku na saa ya kutoka. Mwenye karatasi ajue saa ngapi aanze kupiga simu. Na begani uvae filimbi, isiwe ndani ya begi.

Fundi_wa_Umoja

Nimesoma yote mara tatu, na ya muuguzi nimemsomea dada yangu. Yeye ndiye atakayekaa na karatasi.

Nilikuwa naogopa kwamba mwongozaji ataniondolea kitu. Sasa naona nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Baba hakuwahi kusema angependa mlima usiwe na watu. Alichosema ni kwamba mgongo wake ulikuwa wa wengine. Kwa hiyo mwongozaji nitamlipa, vizuri, na atembee nyuma. Mzigo nabaki nao. Mwongozaji wa Nanyuki, kama una nafasi mwisho wa Januari nitakuandikia pembeni. Nimechagua wakati huo kwa sababu ya ukavu, na pia wateja wa sare za shule huwa wameisha.

Kuhusu nguo niwasaidie na mimi, maana hii ndiyo kazi yangu. Msivae pamba mlimani, wala jinzi. Uzi wa pamba unanywa maji hadi ndani na hauyaachii, nguo inakuwa baridi inayokukumbatia. Soko la mitumba la Gikomba tafuteni sweta za sufu halisi. Vuta uzi mmoja uuchome: sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inavunjika kuwa majivu, poliesta inayeyuka na kuwa kijidonge kigumu. Poliesta pia si mbaya, inakauka haraka. Viatu nimepata soko la Toi, nikang'oa soli na kuishona upya kabla ya kuipiga gundi, kwa sababu gundi ya viatu vilivyokaa sana huachia ghafla, na ikikuachia kule juu huna fundi.

Mkanda wa kiunoni nimeumaliza leo mchana, nimeujaza godoro la kiti cha matatu. Nimepakia kila kitu: hema, jiko dogo la gesi, unga wa uji, njugu, ndengu nilizozichemsha na kuzianika juani ziive upesi, mfuko wa kulalia, koti la mvua, tochi ya kichwani, betri. Nikaenda kupima kwa mama anayeuza viazi hapa nje. Kilo 15 na nusu bila maji.

Mwongozaji_Nanyuki

Mwisho wa Januari nipo. Punguza. Sufuria moja inatosha, na Shipton's maji yanapatikana kijitoni, usibebe zaidi ya lita mbili. Lakini yachemshe.

Fundi_wa_Umoja

Nimetoa sufuria ya pili, viatu vya akiba, nusu ya njugu, na blanketi la baba. Blanketi ndilo lililonisumbua, lina kilo mbili kasoro na ndilo alilokuwa akijifunika huko. Nimelikata kipande cha kutosha kushona kofia, iliyobaki nimeirudisha kitandani kwa mama. Mama viazi ameipima tena: kilo 12 na robo.