Mrejesho: ringi ya mbele imegoma kukaa nyuma

Wakuu, niliuliza hapa kama naweza kuhamishia nyuma ringi ya mbele ya baiskeli yangu, maana ya nyuma ilipinda kwa kubeba magunia ya mkaa. Haiwezekani. Aliyeniambia "hesabu matundu kwanza" alipatia kabisa. Baiskeli yenyewe ni ile ya kizamani ya inchi 28: mbele nimehesabu matundu 32 ya spoku, nyuma 40. Habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) nayo ina 40, sasa spoku nane zilizobaki ningezipeleka wapi?

Fundi kanionyesha na jambo ambalo miaka yote sikuliona. Nyuma, spoku za upande wa cheni zimesimama wima zaidi kidogo kuliko za upande wa pili. Friwili, ile gia ya nyuma inayozungushwa na cheni, imekula nafasi, kwa hiyo ringi lazima ivutwe upande huo ili ikae katikati ya fremu, na spoku za huko hukazwa zaidi. Mbele pande zote ni sawa.

Nimenunua ringi mpya ya matundu 40 na spoku mpya zote. Wiki ya pili hii, haijayumba. Breki ndiyo bado inapiga kelele, ila hilo nitaliuliza siku nyingine.