Nimechomelea chupa ya chai ya mita mbili na nusu, mteja anataka kulipa bei ya bango

Cheche_za_Dom (mleta uzi):
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Dodoma mjini, kazi zangu ni mageti, madirisha na majiko ya mkaa. Mwezi wa tano mama mmoja mwenye mgahawa alinifuata, anataka kitu cha kuweka nje kionekane mpaka barabarani. Nikamwambia nikutengenezee sanamu ya chupa ya chai. Zile zenye maua mekundu, ambazo kila nyumba ina moja inayotumika na nyingine iliyopasuka kioo ndani lakini mama mwenye nyumba hataki kuitupa. Akacheka, akatoa laki tatu ya kuanzia.

Nikaingia mazima. Fremu ya nondo za milimita 10, bati nimelikunja kwa mkono, maua nimepaka kwa rangi ya mafuta nikinakili chupa ya kwangu, hadi lile jani moja ambalo kiwandani rangi ilivuka mstari. Kizibo kinachomoka! Na nimekivalisha turubai, maana vizibo vya kweli si huwa tunavifunga nailoni? (Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2019, nikaona nisijitafutie kesi.) Wiki tatu nzima.

Vifaa tu vimekula laki nne na themanini. Nilipomtajia milioni moja na laki mbili, mama akaguna: "Mwanangu, bango la ukubwa huo wananichapia kwa laki tatu na nusu." Anataka kuniongezea hamsini tumalizane. Na kila jioni wanachuo wanapanga foleni pale kupiga picha na chupa yangu.

La pili: mwenye baa mmoja kaiona, anataka chupa ya soda kubwa hivyohivyo, na nembo ya kampuni juu yake. Niifanye?

Mkuki_wa_Mpwapwa:
Pole fundi, lakini umejiloga mwenyewe. Unakunjaje bati wiki tatu hujataja bei ya mwisho?

zabibu_chungu:
Samahani wakuu, mimi sijaelewa. Chupa ya chai nayo ni sanamu? Sanamu si mtu, au simba?

Ticha_wa_Kuchora:
@zabibu_chungu ni sanamu, tena ya ukoo unaojulikana. Claes Oldenburg, Mmarekani mzaliwa wa Sweden, mwaka 1961 alikodi fremu ya duka New York akaijaza keki, nguo na nyama alizotengeneza mwenyewe: wavu wa kuku, kitambaa kilicholoweshwa plasta, juu rangi ya mafuta. Akaviuza humohumo kama mwenye duka. Mwaka 1976 akasimamisha kibanio cha nguo cha chuma katikati ya Philadelphia, karibu na ofisi za jiji. Kinakaribia mita 14. Kibanio cha kuanikia nguo, ndugu yangu! Watu wanakipita kila siku wakienda kazini.

Na rangi ya mafuta isikudanganye ukaona ni ya mageti tu. Mchoraji Edward Tingatinga alianza na rangi za baiskeli.

Fundi, ninachokipenda kwenye kazi yako ni lile jani lililovuka mstari. Mchapa bango angelinyoosha. Mwonyeshe mama hilo jani, mwambie umelinakili kutoka chupa halisi, ndipo uongee hela.

Cheche_za_Dom:
Ticha umenitoa machozi. Ila mama atauliza huyo Oldenburg anakula kwake lini.

grainda_kizota:
Bei mtaongea. Mimi nauliza, chini umeifunga vipi? Kwa upepo wetu huu wa kiangazi, bati la mita mbili na nusu ni tanga la jahazi. Kama umeiweka tu juu ya kibaraza itamwangukia mwanachuo na picha yake. Chimba, mwaga zege, uache nondo zimechomoza, uchomelee hapo. Toboa matundu mawili kwenye kitako maji yatoke, la sivyo masika itaoza kuanzia ndani. Ulipiga redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, kabla ya rangi?

Cheche_za_Dom:
Nje nilipiga. Ndani... hapana.

grainda_kizota:
Haya, kizibo si kinachomoka? Pitishia brashi hapo leo.

binti_kondoa:
Kuhusu baa: umbo la chupa ya soda ni jambo moja, jina na nembo ni jambo jingine. Alama za biashara zinasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na wenyewe wanazilinda. Mwambie mwenye baa alete barua ya ruhusa kutoka kampuni, au utunge soda isiyokuwepo. Msanii wa Marekani Andy Warhol alinakili maboksi ya sabuni ya Brillo mwaka 1964 kwa plaiwudi, nembo na kila kitu, akasifiwa dunia nzima. Aliyebuni boksi lenyewe, James Harvey, naye alikuwa mchoraji, na boksi lilikuwa kibarua chake tu. Mimi huwa namhurumia yule kuliko Warhol.

Chupa yako nayo inalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, sanamu zimo. Kwa mama shuka hadi laki nane, umalizie kwa awamu, na akuruhusu uchomelee jina na namba yako ya simu kwenye kitako. Hao wanaopiga picha ndio wateja wako.

Mkuki_wa_Mpwapwa:
Namba iwe mbele, siyo nyuma kwenye ukuta 😂

Cheche_za_Dom:
Mrejesho wakuu. Nimeenda na @grainda_kizota pamoja na mfuko wa saruji. Mama amekubali laki saba na nusu, anamalizia kila Jumamosi, na namba imekaa mbele. Lile jani nilipomwonyesha aliingia ndani akarudi na chupa yake, akalitafuta. Nalo limevuka! Sasa anataka kikombe pembeni. Nimemwambia hicho tunaandikiana kwanza.

zabibu_chungu:
Kikombe cha udongo au cha bati?

Cheche_za_Dom:
Cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu. Na pale ukingoni nitakibandua rangi kidogo, upande wa mdomo.